Mtia Rangi Mmoja, Mjane

Lisbon, 12 Oktoba 1997

Kwako baba mpendwa,

Baraka yako, baba, na ya mama pia. Mnigawie kila mmoja yake, nisije nikapunjwa. Mimi mzima, ukiacha mafua yanayomkamata kila mtu wa milimani akishuka kwenye unyevu huu wa mtoni. Ninyi je? Kikohozi cha mama kimetulia? Na goti lako bado linatabiri mvua kuliko redio? Gonga ukuta wa jirani unisalimie mjomba Horácio. Mwambie sijasahau kwamba ni yeye aliyenifundisha kuficha karata mkononi, wala si wale watoto wa mtaani aliowasingizia.

Baba, nina neno, na nimekuwa nikilizungusha kinywani wiki nzima kama kokwa. Profesa Vilhena, yule anayetufundisha nadharia za uchumi, aliniita baada ya kipindi. Nilidhani nimeharibu kitu. Akaniuliza, "Proença, ukimaliza mwaka huu unakwenda wapi?" Nikamwambia narudi nyumbani Covilhã, kuna benki imenipa ahadi. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Benki itakusubiri hata ukiwa na miaka arobaini. Wewe unafaa kwenda Marekani kusomea uzamivu."

Ila anasema sisi wa huku hatuendi hivihivi. Wale jamaa wa Marekani hawatujui, na shahada yetu kwao ni karatasi ya kigeni tu. Inabidi nijiandae. Nisome hisabati kwenye kitivo cha sayansi, pamoja na wanahisabati wenyewe. Nifanye mtihani wa Kiingereza, na mwingine wa hesabu na maneno magumu. Nipate maprofesa watatu wa kuniandikia kwamba ninafaa. Na zaidi ya yote, niandike utafiti wangu mwenyewe, ili waone kuwa naweza kuuliza swali na kulijibu.

Sijamwambia ndiyo. Nilitaka kwanza kusikia kwako. Ukisema rudi, nitarudi.

Binti yako,
Célia


Covilhã, 16 Novemba 1997

Mwanangu Célia,

Mungu akubariki na akuongezee akili, ingawa naona hiyo unayo kupita mahitaji ya nyumba hii. Sisi hatujambo. Mama yako anakohoa asubuhi tu, mchana anatumia pumzi yake kunigombeza. Goti langu halijakosea hata mara moja.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliisoma, nikaielewa, kisha nikaacha kuielewa. Umesoma miaka yote hii. Sasa unataka kusoma ili uweze kusoma? Nilimuuliza Horácio mkahawani, akasema, "Adelino, acha ujinga. Hata sufu huoshwa kabla ya kuoshwa." Yeye ni mtia rangi kiwandani kwetu, kila jambo kwake lazima lipite kwenye beseni. Kisha akaniambia mbele ya watu wote kwamba kama ningekuwa na kichwa kama chako, nisingekesha miaka thelathini kuutandika mtambo wa kufumia mateke ili ufanye kazi.

Mama yako alilia. Nilipomuuliza analilia nini, akasema Marekani ni mbali. Nikamwambia mbona hata Lisbon ni mbali. Akalia zaidi.

Jibu langu ni hili: jiandae. Benki ni kazi nzuri, ina joto wakati wa baridi, na kichwani mwangu nilishakuona umekaa pale dirishani na blauzi nyeupe. Lakini sitaki siku moja unitazame kama mimi nilivyomtazama baba yangu aliponitoa shule na kuniingiza kiwandani.

Kiwandani mambo si mazuri. Tunafanya kazi siku tatu kwa wiki, na yule mkubwa hatuangalii usoni. Juzi sikukuu ya Mtakatifu Martinho tulikula njugu za kuchoma na divai mpya, Horácio akaimba. Ulikosekana.

Baba yako,
Adelino


Lisbon, 25 Januari 1998

Baba mpendwa,

Baraka yako. Natumai barua hii itawakuta mna afya na kuni za kutosha. Nimesikia theluji imefika hadi mjini mwaka huu. Mimi nina afya ya mwili. Ya moyo sijui.

Hisabati inanitesa. Nilijidanganya kwamba naijua kwa sababu nilikuwa hodari wa kukokotoa. Hii haina kukokotoa. Ni kuthibitisha tu. Wiki nzima tumekaa tukithibitisha kwamba mstari ukianzia chini ya sakafu na kuishia juu yake, lazima uivuke sakafu mahali fulani. Mwambie mjomba Horácio, najua atacheka. Mtihani wa kwanza nimeanguka. Wa pili nimepita kwa kukwaruza. Wenzangu baba zao ni madaktari na mawakili, na nikijibu swali darasani kuna wawili wanaorudia maneno yangu kwa lafudhi yetu ya milimani, wanabana pua. Nimejifunza kujibu kwa kifupi.

Jioni nakariri maneno ya Kiingereza ambayo nadhani hata Waingereza hawayatumii. Nalala nayo, naamka nayo.

Mama aliniambia kwenye simu kwamba geti la kiwanda limefungwa. Alisema umekataa kulizungumzia. Silazimishi, baba. Lakini Profesa Vilhena alipoona nimekosa raha aliniuliza, nikamweleza, naye akasema hilo ndilo swali langu la utafiti: kiwanda kikifa, watu wake wanakwenda wapi? Akasema hakuna mwanafunzi mwingine atakayeweza kuwauliza watu wale wakamjibu.

Nikija Pasaka, wenzako watakubali kuzungumza nami?

Binti yako,
Célia


Covilhã, 1 Machi 1998

Mwanangu,

Mungu akubariki. Tuko hai, tunakula, paa halivuji.

Sikulizungumzia kwa sababu hakuna la kuzungumza. Tulifika asubuhi, geti lina mnyororo. Mlinzi ni yuleyule tunayemjua tangu anyonye, akasimama upande wa pili anatazama viatu vyake. Wanawake walipiga kelele. Sisi wanaume tulisimama tu kama ng'ombe waliofika kisimani wakakuta pakavu. Kisha Horácio akasema, "Basi jamani, leo hatujachelewa," watu wakacheka, na tulipocheka ndipo nikajua kweli imekwisha.

Sasa naamka saa ileile. Navaa, nakaa jikoni. Mama yako ananihamisha akitaka kufagia.

Wewe njoo. Watazungumza. Si kwa ajili ya profesa wako, ni kwa sababu wewe ni binti wa Adelino na walikuona ukija getini na sahani ya chakula imefungwa kitambaa. Nimeshawaambia. Horácio anasema atakupeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba, na kwamba huo mstari wako na sakafu umempa faraja sana: paka wake naye anaweza kuwa profesa.

Usivunjwe moyo na wabana pua. Mtu anayeiga sauti yako anakusikiliza.

Baba yako,
Adelino


Lisbon, 20 Mei 1998

Baba na mama wapendwa,

Baraka zenu. Natumai joto limefika na mama ameweza kuanika mablanketi. Mimi mzima, nimenenepa kwa jibini mliyonipakia.

Sijui niwashukuruje watu wa kwetu. Kila nyumba walinipa kahawa, wengine walinipa na kiti walichokuwa wamekalia. Nilikwenda na maswali yangu yamepangwa kwa ukali kama askari, nusu saa baadaye nimeyaacha nasikiliza tu. Mjomba Horácio alinichukua hadi kwenye mashamba ya cheri kule Fundão, akanionyesha miti aliyopogoa. Alisema tangu mkewe afariki, nyumba inamla akikaa ndani mchana. Akaniambia na mengine, mnayajua.

Profesa amefurahi kupita kiasi. Anasema nimeleta kitu ambacho wataalamu wenye takwimu za nchi nzima hawanacho. Ila anataka makala iwe na jibu moja linaloonekana, kwa sababu wale wa kamati za Marekani wanasoma mamia na hawana subira. Ananisukuma kwenye jambo hili: msaada wa serikali kwa wasio na kazi ukiwa mrefu, mtu hutafuta kazi polepole, na wengine hufanya vibarua vya pembeni bila kuviandikisha. Ndivyo tarakimu zangu zinavyosema pia, siwezi kukana.

Hisabati nimepita, baba! Si kwa alama za kujivunia, lakini nimepita.

Binti yenu,
Célia


Covilhã, 14 Juni 1998

Célia,

Mungu akubariki. Sote wazima. Pongezi kwa hisabati. Mama yako amewasha mshumaa, na mimi nimelipia mezani duru moja ya kahawa, wakanywa hata wasiojua hisabati ni nini.

Neno moja tu. Hayo ya vibarua, Horácio alikueleza kama anavyomweleza mtoto wake. Angalia unavyoyaandika.

Cheri zimeiva. Ametuma kikapu kwa basi la Jumatano, kakipokee.

Baba yako,
Adelino


Lisbon, 4 Oktoba 1998

Baba mpendwa,

Baraka yako. Ninyi hamjambo? Mimi sasa ni mhitimu na mtumishi kwa pamoja: Profesa Vilhena amenichukua kuwa msaidizi wake mwaka huu wote, nasahihisha mitihani ya wadogo huku nikiandaa maombi. Mtihani wa Wamarekani nimeufanya. Upande wa hesabu nimefanya vizuri sana. Upande wa maneno, tusiulizane.

Lakini sikilizeni habari kubwa. Profesa aliisoma makala yangu kwenye mkutano wa wachumi, na watu wa wizara walikuwepo. Wiki iliyopita gazeti limechapa muhtasari wake ukurasa mzima, jina langu liko chini: Célia Proença. Nimekata ukurasa nimeutia humu ndani ya bahasha. Usihofu, baba, hakuna jina la mtu yeyote. Mwonyeshe mjomba Horácio, mwambie bila yeye nisingeandika hata mstari mmoja.

Profesa anasema sasa barua yake ya kunipendekeza itasimama yenyewe.

Binti yako,
Célia


Covilhã, 22 Novemba 1998

Célia,

Mama yako ni mzima.

Barua yako ilifika Jumamosi moja mwezi uliopita nikiwa natoka. Nilikwenda nayo mkahawani. Unajua mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, lakini siku ile nilisimama. Nikawaambia zimeni hiyo televisheni, msikie binti yangu ameandika nini gazetini. Wakazima. Nikaanza kusoma. Mwanzoni watu walikuwa wakitikisa vichwa, ndiyo, kweli, ndivyo ilivyokuwa. Horácio alikuwa mbele yangu anachanganya karata, anatabasamu kama vile amekuzaa yeye.

Nikafika mahali palipoandikwa hivi, sina haja ya kulitazama tena gazeti: "Mtia rangi mmoja, mjane, mwenye miaka hamsini na minne, alikiri kwamba hupogoa miti ya cheri kwa malipo huku akiendelea kupokea msaada."

Niliisoma kwa sauti, Célia. Nilikuwa nimeshaimaliza nilipoielewa. Kiwanda kile kilikuwa na watia rangi wangapi? Wajane wangapi kati yao?

Nikalishusha gazeti. Horácio akaweka karata chini. Akasema, "Endelea, Adelino. Umefika patamu."

Sikuendelea. Mtu mmoja akawasha televisheni.

Baada ya siku chache ofisi ya ajira ikamwita. Gazeti lilikuwa mezani kwao. Msaada wake umekatwa, na mwenye shamba la cheri kaogopa, amemwambia asikanyage tena. Wengine watatu nao wameitwa. Mkahawani nikiingia mazungumzo yanashuka. Hawanitukani. Ningependa wanitukane. Meza yetu ilikuwa ya wanne, sasa imekaa kama jino lililong'oka.

Ulisema hakuna jina. Uliwahi kuishi hapa kweli?

Baba yako,
Adelino


Lisbon, 27 Novemba 1998

Baba,

Naomba baraka yako hata kama hujisikii kunipa.

Nimesoma barua yako nimesimama kwenye korido ya nyumba ninamopanga, sikuweza kufika chumbani. Sikutaka, baba. Niliandika "mtia rangi, mjane" kwa sababu Profesa alisema msomaji anahitaji kumwona mtu, si tarakimu peke yake. Nilipoandika nilikuwa namfikiria msomaji wa Marekani. Sikumfikiria wa mkahawani. Nilisahau kuwa kwetu kuna watu wanaosoma.

Nimemwandikia mjomba Horácio. Nimempigia simu pia, inalia tu. Kesho naenda kwa Profesa kumwambia makala hii naiondoa kwenye maombi yangu. Nitaomba kwa alama zangu tu, na ikishindikana nitarudi benki kama itanipokea.

Nijibu, baba. Hata kwa kunigombeza.

Binti yako,
Célia


Lisbon, 10 Januari 1999

Baba mpendwa,

Baraka yako. Krismasi hamkuniambia nije na sikuthubutu kuja bila kuambiwa. Nilikula kwa mama mwenye nyumba, samaki mkavu na viazi kama kwetu. Mama anasema kwenye simu kwamba uko bustanini. Kila nikipiga uko bustanini, hata siku ya theluji.

Nina la kukuambia, na ni afadhali ulisikie kwangu. Nilikwenda kwa Profesa Vilhena. Nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Nani aliyemtambua huyo mtu?" Nikasema, mji mzima. Akasema, "Mji mzima haumo kwenye kamati za udahili."

Nikamwambia sitaki kuituma. Akavua miwani. "Ukiiondoa, mimi nitaandika nini juu yako? Kwamba una bidii? Wenye bidii ni elfu, na wengi wao wana hisabati kuliko yako. Hiyo makala ndiyo wewe."

Baba, nilitoka mle nimeazimia. Nilikaa na azimio langu siku nyingi. Kisha siku ya mwisho ya kutuma maombi nikaifuta ile sentensi ya mtia rangi, nikaitia makala ndani ya bahasha, nikaipeleka posta. Nilijiambia sasa ni safi. Nilipotoka posta nikajua si safi, maana kila ukurasa umejengwa juu ya waliyoniambia jikoni kwao. Lakini sikurudi ndani kuomba nirudishiwe.

Sijui mwanao ni mtu wa namna gani. Nilitaka ujue unachokikalia kimya.

Célia, binti yako


Lisbon, 6 Aprili 1999

Baba,

Baraka yako. Wamenichukua. Chuo kimoja cha kaskazini mwa Marekani, karibu na yale maziwa makubwa, na watanilipia masomo yote. Vyuo vingine vimenikataa, hiki kimoja kimekubali, na katika barua yao wametaja makala kwa jina lake.

Profesa alifungua chupa ya divai ofisini. Wale wawili wabana pua walikuja kunishika mkono. Nilikunywa, nikaenda chooni nikalia, nikarudi nikanywa tena.

Ninaondoka Agosti. Sitakwenda kama hutaki. Neno moja tu kutoka kwako na ninaandika kukataa.

Binti yako,
Célia


Covilhã, 9 Mei 1999

Célia,

Mungu akubariki. Mama yako kikohozi kimemrudia, lakini daktari hajakunja uso.

Usinitwike jibu lako. Ulipouliza mara ya kwanza nilisema jiandae, na ulijiandaa. Sasa unauliza ili ukikaa iwe ni mimi, na ukienda iwe ni mimi. Amua mwenyewe.

Horácio ameondoka. Alikwenda kabla ya Krismasi kwa mpwa wake, Clermont-Ferrand, Ufaransa. Anabeba mifuko ya saruji kwenye majengo, pamoja na vijana. Funguo za nyumba alimwachia padri. Miaka yote hii tumeishi ukuta kwa ukuta, na funguo akampa padri.

Unaniandikia kama mtu anayeniomba msamaha. Msamaha huo si wangu, ni wake. Anwani nimeipata kwa padri, iko nyuma ya karatasi hii.

Baba yako,
Adelino


Clermont-Ferrand, 25 Julai 1999

Baba mpendwa,

Baraka yako. Nakuandikia nikiwa kituo cha mabasi, nimepakata mkoba, utanisamehe mwandiko. Mimi mzima. Natumai mama naye.

Niliamua kwenda Marekani, na niliamua kupita huku kwanza. Basi lilijaa watu wetu wanaorudi makazini, wamebeba soseji na mafuta ya zeituni, wanaimba hadi mpakani. Nilifika asubuhi. Ni jengo la ghorofa, la watu wa kazi, ngazi zinanuka kabeji. Nikagonga. Akafungua mke wa mpwa wake, mwanamke mwembamba wa Guarda, mtu wa milimani kama sisi, ana mtoto begani. Nikamwambia mimi ni nani. Akawa mwekundu. Akasema, "Hayupo. Yuko kazini."

Nikamkumbusha kwamba ni Jumapili. Akasema, "Hayupo, dada. Usinitie taabuni."

Ndipo nikasikia kikohozi ndani. Unakijua kikohozi cha watia rangi, kile kinachokwaruza halafu kinangoja. Mwanamke naye akakisikia. Tukatazamana. Akafunga mlango polepole.

Nilikaa ngazini. Niliuambia ule mlango yote, baba, majirani wakipita juu na chini kunivuka. Nilisema mjomba Horácio, mimi ni Célia. Nilisema niliyoyafanya bila kuyapamba, na kwamba nilipojua nimeyafanya, niliendelea. Sikuomba kitu. Nilijua yuko karibu, maana mbao za sakafu zililia.

Kuelekea mchana mlango ukafunguliwa kidogo. Mwanamke akanipa bakuli la supu, ile yetu ya kabeji na viazi, na kipande cha mkate wa mahindi. Akasema, "Amesema ule kwanza. Safari ni ndefu."

Nikala pale ngazini. Nikaosha bakuli kwenye bomba la uani, nikaliweka mlangoni. Nikangoja hadi jua lilipohamia ukuta wa pili. Hakutoka.

Siandiki kukuambia nimefanikiwa. Naandika kukuambia nilikwenda.

Binti yako,
Célia


Covilhã, 15 Agosti 1999

Mwanangu Célia,

Mungu akubariki, na akufikishe salama huko kwenye hayo maziwa. Mama yako anauliza kama kuna baridi kuliko kwetu, na kama wanauza sufu ya maana au tukutumie. Amekufumia soksi. Kikohozi chake bado, tusidanganyane. Septemba atalazwa kwa vipimo. Usiache safari kwa ajili hiyo. Nitakuandikia kila kitakachosemwa, hata kibaya.

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea yeye, kisha nikatembea hadi kiwandani. Wameng'oa mitambo. Kuna njiwa ndani.

Nimeifikiria sana ile supu. Asiyetaka kukujua hakupi chakula. Aliyekusamehe hakuachi ngazini. Basi yuko hapo katikati, na huenda atakaa hapo hadi mwisho wake, na wewe huna kamba ya kumvutia. Usimwandikie tena. Mwache apumzike mbali nasi.

Mimi pia nilimwandikia, mara nyingi. Hajajibu hata barua moja. Nilikuwa nikikukasirikia wewe kwa nguvu zote ili nisisikie sauti iliyosoma ile sentensi, kwa maana ilikuwa yangu. Na kabla ya hapo, ni mimi niliyewaambia watu wazungumze nawe. Sikwambii haya upunguze mzigo wako. Nakwambia ujue hauko peke yako chini yake.

Sitasema kwamba huna kosa. Sitasema pia kwamba sikukumbuki kila siku, hata zile siku nilizokuwa bustanini.

Nenda kasome. Usome vizuri, kwa sababu masomo hayo yamelipiwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Krismasi njoo. Tutashuka mkahawani mchana, mimi na wewe, tutaagiza kahawa, tutakaa. Atakayetaka kuinuka ainuke. Mimi nitakuwa nimekaa upande wako.

Baba yako,
Adelino